Mtoto aliyekamilisha chanjo anawezaje kuugua nimonia?

Mama wa Kondele, Kisumu:
Mwanangu wa miezi 14 alipata chanjo zote, kama kijitabu chake cha kliniki kinavyoonyesha, lakini mwezi uliopita alilazwa kwa nimonia. Je, chanjo haikufanya kazi?

Muuguzi, Siaya:
Pole sana, dada. Nimonia huletwa na vijidudu vingi, virusi vikiwemo, ilhali chanjo iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, katika wiki ya 6, 10 na 14, ililenga bakteria mmoja tu, numokokasi, na kati ya aina zake zaidi ya 90 ikachagua 10. Faida yake kubwa ni kuzuia bakteria huyo asipenye hadi kwenye damu au utando wa ubongo. Kule Kilifi, ambako watafiti wamehesabu wagonjwa kwa miaka mingi, maambukizi hayo makali ya aina zilizolengwa yalipungua kwa takriban asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5.

Mzee wa Ahero:
Na sisi wazee ambao hatukuchanjwa?

Muuguzi, Siaya:
Mzee wangu, mnakingwa kupitia wajukuu, kwa kuwa numokokasi hukaa puani mwa watoto wasio na dalili yoyote, na ndio wanaotuambukiza sisi watu wazima. Ila mwenye virusi vya ukimwi, au selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ambao huku kandokando ya ziwa si mgeni, yumo hatarini zaidi. Dada, mtoto amewahi kupimwa selimundu?

Mama wa Kondele, Kisumu:
Bado. Nitampeleka Jumatatu.