Jenereta inanguruma lakini umeme hautoki: ule wa kwanza unaanzia wapi?

Mpangaji_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina jenereta ya petroli ya kVA 2.5, ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenda kwenye rota, sehemu inayozunguka), ina AVR (kidhibiti cha volti). Ilikaa stoo tangu masika. Injini inashika kwa mvuto mmoja, ila taa haiwaki; mita kwenye soketi inasoma volti 4 tu. Nimefungua kifuniko cha nyuma sijaona sumaku yoyote, koili tupu. Sasa kama sumaku inatokana na umeme, na umeme unatokana na sumaku, nani anaanza? Na nipime nini kabla sijaipeleka kwa mafundi wa Gerezani, Dar?

Koili_Mbili
Kinachoanza ni chuma, mkuu. Rota ni chuma kilichozungushiwa koili, na chuma kikishapitiwa na usumaku hakiuachi wote, kinabaki na kidogo. Injini inapozungusha rota, ncha ya kaskazini na ya kusini zinapita kwa zamu mbele ya koili za stata zilizotulia. Ikipita moja, volti inapanda upande huu. Ikipita nyingine, inapanda upande wa pili. Ndiyo AC hiyo, umeme unaogeuka upande kwa zamu. Faraday alishaonyesha mwaka 1831 kwamba koili huzaa umeme pale tu usumaku unaoipitia unapobadilika. Sumaku iliyosimama, hata iwe kubwa namna gani, haikupi kitu.

Usumaku mabaki unatoa volti chache tu. AVR inazigeuza kuwa DC, umeme wa upande mmoja, na kuzirudisha kwenye rota kupitia brashi. Rota inapata nguvu, stata inatoa zaidi, AVR inarudisha zaidi, mpaka ikifika 230 ndipo inabana. Yote hayo ni suala la sekunde chache. Kwako volti 4 zipo, maana yake chuma bado kina kitu. Mzunguko ndio umekatika mahali.

fundi_stata
Wengi watakwambia upige betri kwanza, yaani uilishe rota kwa betri. Usianze huko.

Zima injini, chomoa kofia ya plagi. Piga picha nyaya za brashi uone + na - ziko wapi, kisha zichomoe. Mita kwenye ohmu, pima brashi kwa brashi. Rota za ukubwa huo husoma makumi ya ohmu. Isiposoma kitu, usiihukumu rota bado: toa kishikio cha brashi, gusisha mita moja kwa moja kwenye zile ringi mbili za rota ambazo brashi huzigusa. Zikisoma vizuri, kosa ni la brashi au uchafu. Halafu pima ringi na shafti. Hapo mita isisome kitu kabisa. Ikisoma, koili imegusa chuma na rota ni ya kusukwa upya.

Huku pwani hewa ya chumvi inaweka utando kwenye ringi. Chukua msasa laini namba 600, zungusha rota taratibu kwa kamba ya kuwashia, malizia na kitambaa kikavu. Grisi usiweke, wala mafuta. Brashi iteleze ndani ya kishikio na springi iirudishe yenyewe. Ikibaki chini ya milimita 5, nunua mpya.

Vyote vikiwa sawa na bado kimya, ndipo betri ya volti 12. AVR iwe imechomolewa, soketini kusiwe na mzigo. Unga + ya betri kwa + ya brashi na - kwa -, washa injini, soma mita kwa sekunde chache, zima. Ikiruka hadi makumi ya volti au zaidi, rota na stata ni nzima, mshukiwa ni AVR. Ukigeuza nyaya unaweza kuufuta usumaku badala ya kuuongeza.

Mpangaji_Tabata
Brashi kwa brashi hakuna kitu. Ringi kwa ringi ohmu 54, na shafti hakuna. Brashi moja ilikuwa imekwama kwa vumbi la kaboni. Nimesafisha, sasa 232. Ila friji ikianza, volti zinaporomoka hadi 190 kisha zinarudi. Niongeze spidi kwa skrubu ya gavana (kidhibiti spidi cha injini)?

Koili_Mbili
Zikirudi ndani ya sekunde moja au mbili, iache. Kompresa ikianza inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Washa friji kwanza, taa na televisheni baadaye.

Skrubu ile ni ya hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), volti ni kazi ya AVR. Rota ya ncha mbili ikizunguka mara 3000 kwa dakika inatoa hezi 50. Bila mzigo, 51 hadi 52 ni sawa, kwa sababu mzigo utaishusha kidogo. Ukipandisha hadi 3400 unapata karibu hezi 57, AVR inashikilia volti kwa hiyo mita ya volti haikuonyeshi kosa, lakini mota ya friji inazungushwa kasi isiyo yake. Hezi zikizama na zisirudi, angalia chujio la hewa na kabureta. Petroli iliyokaa tangu masika inaacha gundi kwenye jeti, kitundu cha petroli ndani ya kabureta.

fundi_stata
Na usilishe nyumba kwa waya wenye plagi ya dume pande zote mbili. Weka swichi ya kubadilishia kati ya TANESCO na jenereta, maana bila hiyo umeme wako unapanda nguzoni na kumkuta fundi wa TANESCO.

Wenye zile jenereta ndogo za kuchanganya oili na petroli: nyingi hazina brashi, zinategemea kapasita, kifaa kinachotunza chaji. Zikikosa umeme pima kapasita kwanza, lakini ipitishe kwenye balbu imalize chaji kabla hujaigusa.