Viatu vya breki vya kompoziti kwa mabehewa ya mizigo: akiba ipo kweli?

ReliMita

Habari wadau. Mabehewa ni ya reli ya mita (upana wa mita moja): bogi mbili (fremu za chini zinazobeba ekseli), ekseli nne, tani 60 yakiwa na shehena, kiatu kimoja cha breki kwa kila gurudumu. Viatu vya sasa ni vya chuma cha kusubu na vinaisha upesi, hasa kwenye mteremko wa kutoka Dodoma kushuka Kilosa. Mezani kuna pendekezo la kununua viatu vya kompoziti (mchanganyiko uliogandishwa, si chuma tupu) vinavyodumu mara nne kwa bei mara tatu, na papo hapo kuagiza magurudumu magumu zaidi. Je, akiba ipo? Na fimbo za breki (nyenzo zinazosukuma viatu) zinabaki zilivyo, au lazima ziguswe?

Mkerezaji

Mkuu, nianze na swali la mwisho, maana hapo ndipo magurudumu yanapouawa. Muulize muuzaji: kompoziti yake ni aina ya K au LL? K ina msuguano wa karibu 0.25 na haubadiliki sana kwa kasi. Chuma cha kusubu kina msuguano mdogo treni ikiwa kasi, unapanda inapokaribia kusimama. Ukifunga K kwenye fimbo zilizopangwa kwa chuma, nguvu ya breki inazidi, behewa tupu linafunga magurudumu na kuburuta. Gurudumu likiburuta, chuma cha juu kinapata joto kali kisha kinapozwa ghafla na mwili wa gurudumu lenyewe, inabaki ngozi ngumu kama kioo inayokatika vipande. Kwa hiyo K inadai ubadilishe uwiano wa nyenzo au silinda. LL ilitengenezwa iige chuma, inaingia bila kugusa fimbo, lakini jaribio la umbali wa kusimama, tupu na yenye shehena, ni lazima.

Sasa gharama. Kiatu cha chuma kinapokea sehemu nzuri ya joto. Kompoziti haipitishi joto vizuri, hivyo karibu lote linaingia kwenye gurudumu. Piga hesabu ya mteremko wako: behewa la tani 60 likishuka mita 100 kwa kimo linaachia megajouli 59 hivi, yaani zaidi ya 7 kwa kila gurudumu, kabla ya kutoa kinacholiwa na ukinzani wa mwendo na breki ya injini. Dodoma iko juu ya mita 1,100, Kilosa chini ya 500. Zidisha mwenyewe.

Ulaya walibadilisha viatu kwa sababu ya kelele. Uswisi ilipiga marufuku mabehewa ya makelele mwaka 2020, Ujerumani ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Kelele zilipungua kweli, ila wenye mabehewa walijikuta wanakereza magurudumu mara nyingi zaidi, kwa sababu LL huchimba bonde katikati ya uso wa gurudumu, pale linapokanyaga reli.

Namba za kufundishia tu: kiatu cha chuma bei 1, kinadumu km 40,000. Kompoziti bei 3, km 160,000. Kwa km 400,000, ekseli moja yenye viatu viwili inakula 20 ukitumia chuma, 15 ukitumia kompoziti. Umeokoa 5. Lakini kama kubadilisha magurudumu ya ekseli hiyo ni 150, na maisha yake yakashuka kutoka km 400,000 hadi 350,000, gharama ya magurudumu kwa umbali uleule inapanda hadi 171. Umeokoa 5, umepoteza 21. Kinachoamua ni gurudumu. Bei ya kiatu inafuata nyuma.

ReliMita

Nimekupata. Je, magurudumu magumu hayawezi kuziba pengo hilo?

Mkerezaji

Kwa kulika, ndiyo. Kwa joto, hapana. Kwa viwango vya Marekani, chuma cha gurudumu cha daraja B kina kaboni 0.57–0.67% na ugumu wa 302–341 kwa kipimo cha Brinell. Daraja C ni 0.67–0.77% na 321–363. Kaboni ikipanda, gurudumu linalika polepole, lakini nyufa za joto na kumeguka baada ya kuburuta vinakuja kirahisi zaidi. Ndiyo maana Ulaya behewa linalobanwa breki kwenye uso wa gurudumu kwa kawaida hupewa chuma cha daraja la ER7, kile laini kuliko ER8. Kwenye mteremko mrefu nisingebadilisha vyote viwili kwa mkupuo. Ukiona nyufa hutajua umlaumu nani.

Na usisahau flenji, ule ukingo wa gurudumu unaolizuia kutoka relini. Ikiwa na mwinamo wa nyuzi 70, kurudisha mm 1 ya unene kunakulazimu ushushe uso karibu mm 2.7, yaani mm 5.5 za kipenyo. Flenji iliyopungua mm 3 inakula mm 16 na ushei kwa kukereza mara moja. Vijiti vya grafiti vinavyosukumwa na springi kwenye flenji za injini ni nafuu kuliko gurudumu lolote gumu. Angalia tu visiguse uso wa gurudumu, breki itateleza.

Bogi_Kati

Naongezea upande wa chini ya behewa. Kabla ya kununua chochote, toa viatu vilivyokwisha uvipange sakafuni. Vikiwa vyembamba juu na vinene chini, tatizo ni boriti ya breki: njia zake kwenye fremu ya bogi zimelika, kiatu kinaegemea gurudumu hata breki ikiwa imeachiwa. Hapo unatupa nusu ya kiatu kizima, na kompoziti ya bei mara tatu utaitupa hivyohivyo. Weka vipande vya plastiki ngumu kwenye njia za boriti, badilisha pini na bushi zilizolegea. Mchanga wa Gulwe, kati ya Dodoma na Kilosa, unasaga bushi za chuma zilizopakwa grisi, maana grisi inaushika. Bushi za kompoziti zisizotaka grisi zinafaa zaidi kule.

Halafu angalia mkono wa kubadili tupu/shehena, unaopanga nguvu ya breki kulingana na mzigo. Ukiachwa upande wa shehena behewa likiwa tupu, hakuna kiatu kitakachookoa magurudumu. Kuukagua yadini ni bure.

Na nawasihi mafundi: ukichomelea behewa, bana waya wa ethi karibu kabisa na unapochomea, kamwe si kwenye reli. Umeme ukipita kwenye beringi unatoboa vishimo kwenye rola, na beringi iliyofungwa ambayo ingekaa hadi magurudumu yabadilishwe itachemka njiani.

ReliMita

Basi naona tuanze na majaribio. Yapangweje?

Mkerezaji

Chukua mabehewa yanayotembea kwenye treni moja, njia moja. Nusu chuma, nusu LL, na usichanganye viatu ndani ya behewa moja. Kabla ya kuanza pima kipenyo, unene na kimo cha flenji, na kina cha bonde, mahali palepale ulipotia alama ya rangi, kwa geji ileile. Rudia kila km 10,000, na masika yapite ndani ya kipindi hicho, kwa sababu baadhi ya kompoziti hupoteza mshiko ikilowa. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa vimejikita usoni mwa kiatu, kitoe siku hiyohiyo, vinachora mifereji kwenye gurudumu.

Wakati huohuo hakikisha madereva wanashuka kwa breki ya umeme ya injini kwanza, kama injini zenu zinayo na inafanya kazi. Iwe sawa kwa makundi yote mawili, la sivyo vipimo vyako havitakuambia lolote.