Mliotoka Dodoma kwenda magharibi (Tabora, Katavi, Kigoma), tupeane uzoefu

Mzabibu: Mbukwenyi wakuu. Mdogo wangu kapangiwa kazi ya ualimu Kaliua, tangu jana mama halali. Kwetu Bahi mtu akisema magharibi anaishia Manyoni. Mimi nilipita huko na treni ya Kigoma. Mkishaviacha vichaka vya Itigi ni miombo tu, mti kwa mti, mpaka unasahau vumbi la Dodoma. Mliokaa huko semeni, nitamsomea mama.

Kaka Urambo: Mama atulie. Mvua ipo, asali ipo, maembe msimu wake yanaozea chini. Ubaya ni mbung'o. Akipita porini asivae nyeusi wala bluu.

Mkongwa: Kweli kabisa. Anang'ata juu ya shati.

Mwisho wa Reli: Kaliua mbona karibu! Kwetu ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Vijiji vingi havina gati. Enzi hizo meli ilikuwa inasimama majini, mitumbwi inaifuata, mnashukia mlango wa ubavuni. Usiku ule kusi imechachamaa, mwenye mtumbwi kajaza watu na magunia mpaka maji yanachungulia. Mimi nimeshashuka, dada bado yuko mlangoni. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa baharia, baharia akaninyooshea. Wimbi likausukuma mtumbwi nje. Mtoto ananing'inia juu ya maji, mikono yangu haimfikii. Mzee mmoja akanikamata mkanda wa suruali nisitumbukie. Wimbi likaturudisha, nikamdaka kwapani, kanga ikaenda na maji. Mtoto hata hakulia. Aliyelia ni dada, mpaka ufukweni. Upepo wa Dodoma ukivuma usiku bado namsikia akiita jina la mwanawe.

Binti Mwandiga: Ee Mungu wangu. Mtoto yuko wapi sasa?

Mwisho wa Reli: Kidato cha pili, hapa hapa Dodoma.

Kaka Urambo: Mada ni Kaliua, wewe umetupeleka ziwani.

Mwisho wa Reli: Magharibi bila ziwa ni nini? La pili kwa kina duniani, mita 1,470, unaliachaje?

Kaka Urambo: Na Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi pale Tabora, je? Misafara ya Ujiji ilipita Tabora. Mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia 1871, nani alifika huko ziwani kwenu kirahisi?

Mama Mpanda: Acheni mashindano, kuna mzazi halali. Mwalimu akifika atakuta Wanyamwezi, Waha, Wasukuma na ng'ombe wao, na Warundi waliokimbia 1972, wale wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka pori wakalima, wengi leo ni raia wenzetu. Watampokea. Kinachoniuma mimi ni miti. Tumbaku inakaushwa kwa kuni, kila msimu pori linarudi nyuma. Awapandishe wanafunzi miti hata mstari mmoja nyuma ya darasa.

Mkongwa: Apande basi, mpaka Tabora ni lami.

Binti Mwandiga: Basi la nini! Treni, behewa la kulala, abebe maji. Kaliua ndipo reli ya Mpanda inapochepukia, hawezi kupitishwa.

Mzabibu: Nimemsomea mama yote. Kauliza swali moja: Kaliua kuna ziwa?

Kaka Urambo: Mjini hakuna, mama. Alale.

Mkongwa: Abebe neti.