Naomba ushauri: mchezo wetu wa redio wa upelelezi, mvua imegeuka dagaa wa kukaanga

BintiKorosho (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya kimya, leo nimekwama, nimeona nijitokeze.

Niko kwenye redio ndogo ya jamii huku kusini. Tumepewa dakika 15 kila Alhamisi saa mbili usiku tufanye mchezo wa redio. Wenzangu walitaka ndoa na mawifi kama kawaida, mimi nikang'ang'ania upelelezi: mlinzi wa ghala la korosho katoweka usiku wa mvua, asubuhi mlango umefungwa kwa nje, magunia yametimia, ila viatu vyake viko juu ya mzani. Nimeandika mwenyewe, nikajiona nimeua.

Sehemu ya kwanza ilikwenda hewani wiki iliyopita. Tulikuwa na mvua yetu nzuri tu, tumeipakua mtandaoni, ikaanza kunyesha kabla mtu hajafungua mdomo, sekunde ishirini nzima. Ujumbe wa kwanza kuingia kwenye simu ya studio: "Huyo mama anakaanga dagaa saa hizi, ana mgeni?" Wa pili: "Mbona anayeuliza ndiye anayejibu?" Maana wahusika wako saba, na vijana watatu kati yao ukiwafumbia macho huwatofautishi. Mama yangu mzazi alivumilia mpaka mwisho, kisha akaniuliza aliyekufa ni nani. Hakuna aliyekufa.

Bosi katupa wiki tatu, la sivyo muda unarudi kwa taarabu. Nimesikia Wamarekani kabla ya televisheni walikuwa mabingwa wa michezo ya mafumbo na hatari, na rekodi zimejaa mtandaoni. Nimefungua nikakuta maelfu. Nianzie wapi? Bando langu ni la kuungaunga. Nawasilisha.

Kipanga

Dagaa! Pole dada, ila nimecheka mpaka mtoto kaamka.

MzeeWaMkanda

Binti yangu, mimi nimekaa chumba cha mitambo tangu enzi za mkanda wa rili, hao maelfu wasikutishe. Chukua mmoja tu kwanza: *Sorry, Wrong Number*, wa kipindi cha *Suspense* cha CBS, mtandao mkubwa wa redio Marekani. Mwandishi Lucille Fletcher, mwigizaji Agnes Moorehead, ulirushwa mara ya kwanza Mei 25, 1943.

Mama mgonjwa yuko kitandani New York, peke yake nyumbani, anampigia mumewe ofisini. Laini zinaingiliana. Anasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke fulani usiku uleule, saa tano na robo, treni ikiwa inapita darajani ili izime ukelele wake. Laini inakatika. Kuanzia hapo ni yeye na simu: opereta, polisi, opereta tena. Hakuna anayemjali, kwa sababu mama mwenyewe ni mkorofi, anamfokea kila anayepokea. Mwisho sikwambii.

Mara ya kwanza sikiliza kwa raha zako. Mara ya pili shika kalamu uorodheshe milio. Utakuta namba zinazungushwa, laini inatumika, treni. Zaidi ya hapo ni vitu vya kuokoteza. Na ile treni umeshaambiwa mapema inakuja kufanya nini, kwa hiyo ikisikika huhitaji muziki wa kukuambia uogope, mwili unajua wenyewe.

Mvua yako ilikosea hapo. Mlio peke yake hausemi kitu. Mvua, dagaa, makofi ya mbali, redio iliyopoteza masafa, sikioni vyote ni ndugu wa tumbo moja. Lazima mtu autaje, ndipo uusikie. Mlinzi aseme, "Bati hili leo litatoboka," kisha mwaga mvua, sekunde tatu, uishushe ikae chini ya maneno.

Wala usidhani umeaibika peke yako. Siku ile ya 1943 walikuwa hewani moja kwa moja, mwigizaji mmoja akakosea zamu yake pale mwisho kabisa, na wasikilizaji wakabaki hawaelewi kilichotokea. Wakaurudia Agosti mwaka huohuo, na Moorehead akaendelea kuuigiza mara kadhaa mpaka 1960. Na hao ni CBS, wenye studio kubwa. Wewe una maikrofoni ngapi?

BintiKorosho

Mbili mzee, moja inakwaruza.

LoriTunduma

Mimi si mtaalamu, msikilizaji tu wa barabarani. Flashi yangu ina michezo hii mia na kitu, ndiyo inayonifikisha Tunduma macho makavu.

Tafuta kipindi kinaitwa *Escape*, nacho cha CBS, 1947 mpaka 1954. Kuna *Leiningen Versus the Ants*, wa Januari 1948, anaigiza William Conrad. Mzungu ana shamba Brazil, linakuja jeshi la siafu, maili kumi urefu na maili mbili upana. Anaambiwa kimbia, anakataa. Ana mfereji wa maji kuzunguka shamba, ndani yake mfereji wa petroli, ana vibarua mia nne, anaona yuko salama. Sisi tuliolala nyumba za udongo siafu tunawajua, wale wanaokuamsha usiku mkawahamishie watoto kwa jirani. Mimi naendesha huku najikuna shingo. Nilisimama pale kwenye mizani nikawasha taa ya ndani nikaangalia kiti.

Mwingine ni *Three Skeleton Key*, uko wa 1949, na wa 1950 akiwa na Vincent Price. Walinzi watatu kwenye mnara wa taa baharini, pwani ya Guyana ya Kifaransa. Meli isiyo na mtu inakuja inazama, kumbe imejaa panya, na panya wanaogelea kuja mnarani. Ni hivyo tu! Watu watatu, kioo, na panya upande wa pili wa kioo. Nusu saa nzima hutaki hata kushuka kukojoa.

Na pale mwanzo hawaanzi na "hapo palikuwa na mtu". Wanakwambia wewe: wewe umenasa mnarani, wewe huna pa kutokea. Unajikuta umeshaingia.

SimuliziZaBibi

Samahanini, ila hivi kweli tukajifunze kusimulia kwa Wamarekani? Bibi yangu akisema "Paukwa!" nami nikaitika "Pakawa!", nilikuwa nimeshaingia pia, bila dola moja. Redio Tanzania (RTD) tulikuwa na *Pwagu na Pwaguzi*, kisha *Twende na Wakati* kuanzia 1993, watu walikuwa wanaacha ugali unaungua. Dada, waulize wazee wa hapo hapo mjini kwenu.

MzeeWaMkanda

Mjukuu, una haki, na mimi sibezi vya nyumbani, vingine nimevisukumia vitufe mwenyewe. Ila *Pwagu na Pwaguzi* ni vichekesho, na *Twende na Wakati* ni maisha ya kila siku, mhusika anakaa nawe miaka. Binti ana dakika 15 na maiti ambayo haipo. Hiyo ni kazi nyingine.

Tena za Marekani zinasikika leo kwa bahati. Zilikuwa za moja kwa moja, na vituo vikubwa havikupenda kurusha kilichorekodiwa mpaka kwenye mwisho wa miaka ya 1940. Mchezo uleule ulikuwa unaigizwa mara mbili usiku mmoja, mara moja kwa pwani ya mashariki na tena saa tatu baadaye kwa magharibi. Walichohifadhi ni santuri kubwa za inchi 16, dakika 15 kila upande, na wakati wa vita jeshi lao lilikuwa linatengeneza nakala zake kwa askari walioko nje, matangazo ya biashara yameondolewa. Nyingi tunazosikia zimetoka humo. Zetu je? Mkanda ulikuwa ghali, unafutwa, unarekodia juu yake.

SimuliziZaBibi

Hapo umenigusa pabaya. Haya, lakini paukwa aiweke.

MhasibuWaKizingo

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Hao wote wamekupa michezo ya nusu saa, na wewe una robo saa. Dawa yako ni *Yours Truly, Johnny Dollar*, lakini usichukue ovyo. Chukua ile ya Oktoba 1955 mpaka mwishoni mwa 1956, aliyoigiza Bob Bailey. Kesi moja ilikuwa inagawanywa vipande vitano vya dakika 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Utaona kila kipande kinaachia wapi, na cha pili yake kinakumbusha vipi bila kupoteza dakika mbili za "katika sehemu iliyopita".

Kisha (na hapa mimi kama mhasibu nalia machozi ya furaha) huyu Dollar ni mpelelezi wa kampuni za bima, na kisa chote anakisimulia kwa kusoma orodha ya gharama anazodai kurudishiwa. Gharama ya kwanza, teksi mpaka uwanja wa ndege, kiasi kadhaa. Gharama ya pili, chumba cha hoteli. Ukisikia hivyo ushajua amehama, yuko wapi, na saa ngapi. Wewe huhitaji mlio wa gari wala muziki wa kuvusha.

Wako anaweza kuwa na daftari. "Bodaboda, stendi mpaka ghalani, elfu mbili." Na mlango unafunguliwa, tayari tuko ghalani. "Soda ya mke wa mlinzi, mia saba. Hakuinywa." Hiyo soda mimi ningeifuatilia.

Kipanga

Hakuinywa! Mhasibu ameanza kuandika mchezo mwenyewe.

Mimi nina wazo: fanyeni kama *The War of the Worlds* ya Orson Welles, Oktoba 30, 1938, ule mchezo wa wavamizi kutoka Mars uliosomwa kama taarifa ya habari. Katisha muziki, "tunakatisha matangazo kuwaletea habari za dharura, ghala limevamiwa…" Mji mzima utasikiliza.

MzeeWaMkanda

Mji mzima utakuja na mawe. Redio moja ya Quito, Ekuado, iliiga mchezo huohuo Februari 1949, watu wakaingia barabarani, na walipogundua ni maigizo wakachoma jengo la kituo moto. Watu walikufa mle. Binti, hilo liache kabisa, na TCRA, wale wasimamizi wa utangazaji, nao wasikusikie hata ukilifikiria.

FundiBati

Nimechelewa, nilikuwa kazini. Sauti za mtandaoni zimesikika kila mahali na hazina chumba. Mvua ya California haipigi bati la kwetu. Watu wa zamani walikuwa na meza kubwa pembeni ya waigizaji, imejaa takataka, na mtu anafanya mlio palepale. Kwato za farasi walitumia vifuu vya nazi, na vifuu wewe unavyo nyuma ya nyumba. Moto ni karatasi ya nailoni ya pakiti ya sigara, ikunjekunje karibu na maikrofoni. Radi ni bati jembamba, litikise. Nyayo, sinia la kokoto na mtu mwenye viatu, siyo kiganja. Mvua yako ya bati mwage mchanga mkavu kidogo kidogo kwenye kipande cha bati halisi, mbali na maikrofoni hatua mbili, ukizidisha dagaa wanarudi.

Simu: ongea ndani ya kikombe cha plastiki. Umbali: mtu arudi nyuma au ageuze uso, usishushe sauti mitamboni, sikio linajua tofauti. Hiyo maikrofoni inayokwaruza usiitupe, mpe mlinzi kwenye redio ya upepo.

Na wale vijana watatu waunganishe wawe mmoja. Bakiza mzee, kijana, mwanamke. Mpelelezi akiwa mwanamke huna haja ya kutaja jina kila sentensi.

Haki_Bin_Haki

Neno moja tu. Rekodi zenyewe ziko kwenye tovuti ya Internet Archive, tafuta mkusanyiko wa Old Time Radio Researchers Group, wamepanga kwa tarehe. Chagua faili dogo, nusu saa kwa ubora wa chini ni kama MB 7. Ila kupatikana bure si ruhusa ya kutafsiri na kurusha hewani. Hadithi na miswada mingine bado ina wenyewe. Jifunze ufundi, korosho zibaki zako.

BintiKorosho

Wakuu, nimepakua mitatu, ya simu, ya panya na kipande cha kwanza cha Dollar mmoja. Ule wa simu nimeusikiliza kitandani taa imezimwa, kosa kubwa, sitarudia. Nimehesabu milio kama mzee alivyosema nikaona aibu: ukurasa wangu wa kwanza peke yake una kumi na moja.

Nimekata wahusika, wamebaki watatu. Mpelelezi sasa ni mwanamke, karani wa zamani wa chama cha ushirika, ana daftari. Paukwa imeingia, SimuliziZaBibi usininunie. Ile soda nimeiiba, Mhasibu.

Jana jioni tumerekodi onyesho la ghalani kwa simu tu, jikoni kwetu, mwenzangu anatikisa fimbo ya mzani wa zamani wa baba. Hatukuweka muziki. Karani anauliza, "Nani alipima hivi viatu?", kijana hajibu, mzani unagonga mara moja, unatulia.

Usiku nikamchezea mama anapika, sikumwambia ni nini. Ilipofika pale pa mzani akapunguza moto wa jiko. Ilipoisha akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Hivyo viatu vilikuwa vimelowa au vikavu?"

Wakuu, usiku ule mvua ilinyesha na mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Ngoja nirudi ukurasa wa nne.