Wauza dabo deka za watoto, nani kawaambia mdogo ndo alale juu??

Wadau habari za sa hizi. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha. Usiku wa kuamkia jana kitanda cha wanangu kimekatika, ghorofa ya juu imeshuka na mkubwa akiwa juu yake ikatua kwenye godoro la chini, na kilichomuokoa mdogo ni kwamba alikuwa ametoka kwenda kukojoa. Basi. Hakuna kingine kilichomuokoa. Mkubwa kavimba kiwiko na hajalala usiku wa pili huu, mdogo kila akipita mlangoni anachungulia kwanza ndo anaingia.

Ngoja nianze mwanzo maana najua kuna watakaosema watoto walikuwa wanaruka.

Nina mabinti wawili chumba kimoja. Miaka 3 nyuma mkubwa alikuwa na 9 mdogo na 4, wanalala kitanda kimoja cha nne kwa sita, ikafika mahali kila asubuhi ni kesi, huyu kapigwa teke, yule kanyang'anywa shuka, madaftari ya mkubwa yamechorwa na kalamu ya mdogo. Tukakaa na baba yao tukaona dawa ni kitanda cha ghorofa, chini panabaki nafasi ya meza. Tukajichanga tukaenda duka moja la fenicha (silitaji, sijaja hapa kwa hilo), muuzaji katupokea vizuri tu, karibu mama, hiki ni cha watoto kabisa watakilalia mpaka wamalize shule. Nikamuuliza nani alale juu. Kajibu papo hapo, "mdogo ndo alale juu mama, si mwepesi, mbao hazichoki."

Na mimi nikamsikiliza!! Mtoto wa miaka 4. Usiku wa pili nilipita kuwaangalia nikakuta mguu wake mzima uko nje ya reli unaning'inia, amelala fofofo. Nikamshusha hapo hapo na tangu siku hiyo mkubwa akawa juu. Baadaye sana ndo najua kwamba Ulaya na Marekani kitanda cha namna hii kinatakiwa kije na onyo kwamba aliye chini ya miaka 6 asilale ghorofa ya juu. Sio ushauri wa bibi, ni kanuni, inabandikwa kwenye kitanda chenyewe. Na yule anayeviuza kila siku anawaambia wazazi kinyume chake, tena kwa kujiamini!

Sasa kuhusu godoro, hapa ndo nataka mzazi yeyote asome polepole.

Walituuzia kitanda na magodoro kwa pamoja kama seti. Godoro la inchi 8, wakasema nene ndo zuri kwa mgongo wa mtoto anayekua. Jana nimechukua futi nikapima kila kitu. Reli ya juu imesimama sentimita 26 kutoka kwenye chaga. Godoro linakula 20. Inabaki sentimita 6 za kumzuia mtoto asidondoke kutoka urefu unaonipita mimi kifuani, yaani upana wa kiganja changu haufiki. Marekani tangu mwaka 2000 wanataka reli ibaki juu ya godoro sio chini ya inchi 5, karibu sentimita 13 hivi. Kwa kitanda changu hiyo maana yake godoro la juu lilitakiwa liwe la inchi 5 na sio zaidi, na muuzaji aliyeshika kitanda mkono huu na godoro mkono huu hakuona tatizo. Ile reli ingeweza kufanya kazi yake, yeye ndo kaizika kwa godoro alilotuuzia.

Na halijala reli tu, limekula na dari. Kutoka juu ya godoro mpaka dari nimepata sentimita 74. Mkubwa sasa ana miaka 12, kwenye fremu ya mlango tunakoweka alama za penseli ameongezeka sentimita 19 tangu tununue. Akikaa kitako ni sentimita 79. Mtoto hawezi kukaa kwenye kitanda chake mwenyewe! Anasoma amelalia tumbo, anavaa sweta amelala, na pangaboi la chumbani tulishalizima tukalifunga kamba kwa sababu panga linapita mkono mmoja tu kutoka alipo. Wasichana umri huo ndo wanavuta urefu kweli kweli, mwaka mmoja unaweza kuona sentimita 7 au 8, hilo sio siri, kila mwenye binti analijua. Umeniambia watakilalia mpaka wamalize shule, ulimpima nani?

Halafu mwanya. Kati ya reli ya pembeni na ubao wa kichwani kuna uwazi wa sentimita 14. Kanuni hizo hizo zinabana mianya ya kwenye reli, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unaweza kupita halafu kichwa kinakwama, anabaki ananing'inia kwa shingo. Nilivyosoma hilo nilikaa chini. Mguu wa mwanangu siku ile ulikuwa umetokea palepale.

Sasa kwa nini kimekatika. Jana nimemwita fundi seremala ambaye hana uhusiano wowote na lile duka, mzee wa watu kaja na tochi akalala chali chini akaangalia. Chaga hazijavunjika hata moja. Nzima kabisa. Zimekatwa fupi, kila chaga inakalia sentimita 1 tu huku na sentimita 1 kule, na hazijapigwa skrubu wala msumari, zimewekwa tu juu ya kile kibao chembamba. Bolti za pembeni zikilegea kidogo zile mbao ndefu za ubavuni zinatanuka kwenda nje, zikitanuka sentimita 1 chaga inakosa pa kukalia inateleza, ikiteleza ya kwanza uzito unahamia kwa ya pili, basi zinashuka zote kwa pamoja. Mzee akasema mtoto hata angekuwa amelala kama gogo ingeshuka tu, kujigeuza kunatosha.

Nikawapigia simu na maelezo haya yote. Jibu lao ni hili, "mama kitanda sio cha kurukia." Saa 8 usiku!! Mtoto amelala!! Nikasema nije na chaga mzione wenyewe, wakasema waranti ilikuwa mwaka 1. Nikauliza basi mnaweza kuniambia bolti zinatakiwa kukazwa kila baada ya muda gani, maana hamkuniambia wala hamkunipa karatasi yoyote. Simu ikakatwa.

Nitaje na kabati maana lilikuja siku moja na kitanda. Refu, kioo mbele, droo tatu chini. Bomba la kutundikia nguo liko juu kwa kipimo cha mtu mzima, mdogo halifikii, kwa hiyo afanyeje? Anavuta droo ya chini anapanda kama ngazi. Nilimkuta amesimama kwenye droo ya pili na kabati limeshaanza kuinama. Nililirudisha kwa bega langu. Siku hiyo hiyo baba yao akalifunga ukutani na vyuma vya kona na skrubu ndefu, kazi ya nusu saa na vyuma viwili. Muuzaji alikuwa amesema zito hili haliwezi kuanguka. Zito ndo linaua! Marekani tangu Septemba 2023 kabati la nguo haliruhusiwi kuingia sokoni mpaka lipimwe kwamba haliangukii mtoto wa mpaka kilo 27 akilipanda, na bado linauzwa na vifaa vya kulifunga ukutani. Sisi tunauziwa kioo.

Pia kuna jambo linaniudhi ambalo halihusu duka peke yake, ni kwa ndugu na majirani pia. Kila mtu akiingia chumbani anasema gawa nusu kwa nusu wasigombane. Mi nimejaribu nusu kwa nusu mwaka mzima, haifanyi kazi na sio haki. Mwenye miaka 7 anahitaji sakafu, anahitaji maboksi ya chini yasiyo na mfuniko, arushe vitu vyake humo. Mwenye miaka 12 sakafu hana haja nayo, anahitaji droo moja yenye kufuli ambayo hata mimi sifungui bila kubisha, na pazia la kuvuta akibadilisha nguo, na taa ndogo ya kwake yenye mwanga unaoelekea chini kwa sababu usingizi wa wanaobalehe unachelewa kuja, sio ukaidi, ni mwili, wakati mdogo saa 2 kamili kichwa kinaning'inia. Nilipoweka ile droo yenye kufuli ugomvi ulipungua wiki hiyo hiyo. Droo moja. Nilivyoenda kuitafuta dukani wakanionyesha stika za maua za kubandika ukutani.

Naongeza: kuna mdau kaniambia ningenunua vyuma badala ya mbao. Mdau, cha chuma cha dada yangu kina ngazi ya bomba nyembamba iliyosimama wima, mtoto akishuka peku usiku anasikia kama anakanyaga fimbo, kwa hiyo anaruka. Tatizo sio mbao. Tatizo ni kwamba anayekitengeneza hajawahi kumlaza humo mtoto anayekua.

Na aliyeuliza natumia nini sasa: nimekitoa chote. Magodoro mawili yako chini sakafuni, leo usiku wa pili. Mzee fundi ananitengenezea vitanda viwili vya chini, cha mdogo tatu kwa sita na cha mkubwa kirefu zaidi, futi 6 na nusu, chaga zinaingia sentimita 3 kila upande na kila moja inapigwa skrubu mbili mbili, katikati mguu wa tano. Meza haitaingia, tumekubaliana itakaa sebuleni. Chumba kitabana, nimeshamwambia mkubwa, akasema sawa mama ila mimi silali juu tena hata kwa mgeni.

Chaga zao 11 ninazo, nimezifunga kamba, nimeandika urefu wa kila moja kwa kalamu. Kesho asubuhi nazipeleka nikaziweke kaunta, na futi naenda nayo.