Mrejesho: kabati lililoota ukungu, Bukavu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kuhusu ukungu ulioshika koti la marehemu baba ndani ya kabati, hapa Kadutu. Asanteni sana. Mama mmoja kati yenu aliyesema nilisogeze kabati alilenga penyewe: lilikuwa limebanana na ukuta wa nje, na mbao za nyuma zina madoa ya kijani, zinateleza kama sabuni iliyolowa. Ukuta ule hupoa usiku, hewa yenye unyevu ikiugusa inageuka maji. Nimeacha nafasi ya kiganja, nikafuta kwa siki, nikaacha milango wazi mpaka jioni. Makala (makaa) ya kupikia niliyoweka ndani yanyonye unyevu hayakusaidia sana. Nguo sasa naziingiza zikiwa kavu hadi kwenye mishono. Koti nililianika juani. Harufu imetoka, doa la kola limebaki.