Naomba ushauri: nikate picha ya nyanya yangu (bibi) hadi wapi?

Habari zenu wapiga picha. Jumamosi nilimpiga nyanya yangu picha ufuoni Dunga, hapa Kisumu, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Ameketi kando ya omena (dagaa) walioanikwa, leso kichwani, mikono ameilaza magotini. Mwezi ujao anatimiza miaka 80, nataka tumpe picha hii kwenye fremu ya inchi 8 kwa 10.

Nikikata hadi usoni, hata leso ikipungua kidogo juu, macho yake yanakushika. Lile kovu dogo juu ya nyusi linaonekana vizuri. Lakini mikono inapotea, na mikono hiyo ndiyo iliyotulipia karo: vidole vimepinda, magamba ya samaki bado yameng'ang'ania kwenye kucha. Nikiibakiza, uso unakuwa mdogo na pikipiki iliyokuwa nyuma yake inaingia. Nilijaribu kukata kwenye kiwiko, akaonekana kama hana mkono. Niliifuta hapo hapo.

Kuna na hili: picha nzima ni pikseli (vitone vinavyounda picha) 4000 kwa 6000, lakini uso pekee unabakisha 1600 kwa 2000, yaani pikseli 200 kwa kila inchi ya fremu hiyo. Itatosha kwa picha ya ukutani, au makunyanzi yatafifia? Mimi nayataka yote.

Ingekuwa nyanya yako, ungekata wapi? Naenda kuichapisha Alhamisi.